Mara ya kwanza tu, siku 371

MWANA: Haya jamani, tuko kibarazani Ngamiani, kahawa ipo kashata ipo, mkisikia kengele za baiskeli ndo Tanga hiyo. Kaka Sufi, leo umetuletea nini?

SUFI: Dada Mwana, kuna Mmarekani anaitwa Frank Rubio, daktari wa jeshi na rubani wa helikopta. Hajawahi kufika anga za juu hata siku moja, Septemba 21, 2022 akapanda Soyuz, chombo cha Warusi, kwenda kituo cha kimataifa cha anga za juu, akae miezi sita arudi. Karudi Septemba 27, 2023. Siku 371!

MWANA: Mara ya kwanza hiyo? Kwani alipapenda?

SUFI: Apapende wapi! Desemba chombo chao kikiwa kimeegeshwa hukohuko kikaanza kumwaga kulanti, kile kimiminika cha kupoza chombo, kwenye kamera unaona vitu vyeupe vinaruka tu gizani, yani rejeta imetoboka, na tundu lenyewe halifiki milimita moja, Warusi wakasema ni kijiwe cha angani. Sasa ukishuka na chombo kile, joto la ndani si mchezo, ikabidi wapelekewe kingine kitupu Februari 2023, na hicho ndo kilikuwa kiwapeleke wa kuwapokea zamu.

MWANA: Kwa hiyo zamu haina mpokeaji. Huyu ni mjomba wangu kabisa, alienda Wete kwenye harusi siku tatu, mashua ikafa injini, akakaa kumi na moja na kanzu ileile moja, harufu yake shangazi anaisimulia mpaka leo.

SUFI: Hahaha! Waja leo waondoka leo, mjomba na Rubio wakashindwa. Rubio mwenyewe alisema angeambiwa mapema kuwa ni mwaka mzima angekataa, ana watoto wanne.

MWANA: Kabla yake nani alikuwa anaongoza kwa kukaa siku nyingi, kwa hawa wageni wanaoenda mara ya kwanza?

SUFI: Musa Manarov, Msovieti, siku 365 na masaa kama 22 kule Mir, kituo cha Wasovieti cha anga za juu, karudi Desemba 1988. Miaka karibu 35 hakuna mgeni aliyemgusa. Pyotr Dubrov alikaribia, 355, na kwa wanawake Christina Koch 328, naye ilikuwa safari yake ya kwanza. Na kumbuka Gagarin, mtu wa kwanza kabisa kufika huko, 1961 alikaa dakika 108 tu!

MWANA: Si kuna yule wa siku 437?

SUFI: Polyakov, Mrusi, ile ilikuwa safari yake ya pili, hapa haingii. Ila kuna mtu mi naona kaonewa, Dmitri Petelin, chombo kimoja na Rubio, kaenda naye karudi naye, naye mara ya kwanza, siku zilezile 371, na humsikii kutajwa!

MWANA: Masikini.

SUFI: Halafu Rubio alipanda nyanya huko juu, akachuma moja ikampotea, ikaelea zake, wenzake wakamtania kaila. Keshatua nyumbani ndo wakaiona, Desemba 2023.

MWANA: Nzima?

SUFI: Imekauka kama kamba wa sokoni.