Ijumaa ya jibini Alkmaar, mji uliopigania mizani yake

Haya wapendwa wangu habari za huko, Njombe, Makambako, Mbeya, Dar, na ndugu zangu wa Kenya mnaonicheki kila wiki karibuni sana, leo nipo Alkmaar, mji wa kaskazini mwa Uholanzi, kutoka Amsterdam ni treni moja tu haina kubadilisha, dakika kama 40 hivi umefika, ukishuka stesheni unatembea kwa mguu unavuka mfereji unaingia mji wa zamani, na leo ni Ijumaa, na Ijumaa hapa ndo siku yenyewe.

Ngoja nigeuze simu muone. Lile jengo lenye mnara linaitwa Waag, nyumba ya mizani hiyo, na uwanja wote huu mbele yake ndo Waagplein. Sasa angalieni chini. Hizo zote za njano zilizojipanga kama matairi yamelazwa chini ni jibini, jibini kabisa sio plastiki, moja ina kilo kama 13, na hapo jumla ni kama tani 30, wamezipanga tangu asubuhi watu bado wanakunywa kahawa. Saa nne kamili inapigwa kengele, kila wiki wanaalika mgeni aje aipige, ikilia tu soko limefunguliwa.

Twende karibu. Yule mzee mwenye koti jeupe ni mpimaji, mcheki anachofanya. Kwanza anaigonga jibini kwa vidole anaisikiliza, mlio unamwambia kama ndani imeshikana vizuri au ina nafasi mbaya. Halafu anachukua hicho kichuma kirefu chenye mfereji, anakizamisha ndani anakizungusha anakitoa, kimekuja na kipande chembamba kirefu cha jibini. Ananusa. Anakimega kidogo anakisaga kati ya kidole gumba na cha shahada, anaangalia kama kinavunjika au kinavutika, anaangalia na vile vitundu vyake, kisha anaonja, halafu kile kipande kilichobaki anakirudisha pale pale kwenye tundu anaziba kwa kidole. Jamani, mimi naweza kukaa hapa kumwangalia huyu mzee mpaka jioni. Hana mashine hana nini, ni pua na vidole na mdomo, na akikwambia hii nzuri ni nzuri.

Baada ya hapo bei. Muuzaji na mnunuzi wanasimama wanatazamana wanapigana viganja, huyu anataja bei anapiga, yule anataja yake anapiga, paa, paa, paa, mpaka wakikubaliana kinapigwa kiganja cha mwisho na hapo ndo mkataba, hakuna karatasi, huwezi kugeuka ukasema aah nilikuwa natania. Kupigana viganja kwa biashara Waholanzi wanakuita handjeklap, masoko ya ng'ombe nayo yalikuwa hivyo hivyo zamani.

Haya, pisheni pisheni wanakuja! Mmeona? Hao waliovaa nyeupe na kofia za majani wanaitwa kaasdragers, wachukuzi wa jibini. Ni chama chao, kimeanza mwaka 1593 na mpaka leo kipo. Wamegawanyika makundi manne, wekundu, kijani, bluu na njano, unawajua kwa utepe wa kofia, na machela zao zimepakwa rangi hiyo hiyo. Machela moja inabeba jibini 8, piga hesabu mwenyewe, hizo ni zaidi ya kilo 100 na machela yenyewe haijahesabiwa, watu wawili, mikanda ya ngozi imepita mabegani, na wanakimbia. Sasa angalia miguu yao. Wa mbele na wa nyuma hawaendi hatua moja, wanaachana makusudi, wana mwendo wao wa kuburuza vihatua vidogo vidogo vya haraka, maana wakilinganisha hatua kama wanajeshi machela itaanza kuning'inia huku na huku na jibini zitamwagika. Mwendo huo unafundishwa, mtu mgeni haruki tu leo akaubeba. Na wale ni watu wenye kazi zao nyingine wiki nzima, Ijumaa ndo wanavaa nyeupe.

Mkuu wao anaitwa kaasvader, baba wa jibini, yule pale mwenye kofia ya rangi ya chungwa na fimbo. Hana mchezo. Ukichelewa jina lako linaandikwa ubaoni kila mtu alisome, matusi marufuku, pombe kazini marufuku.

Sasa nifuateni mpaka mlangoni hapa, hiki ndo nilichotaka sana mkione kuliko vyote. Mizani. Machela inawekwa nzima nzima kwenye mizani hii kubwa, upande wa pili mzee wa kundi, wanamwita tasman, ana mkoba wa ngozi, anaongeza mawe ya kupimia moja moja mpaka mkono usimame sawa, halafu uzito unatangazwa kwa sauti na unaandikwa. Mnunuzi yupo, muuzaji yupo, sisi watalii tupo, wote tunaona.

Na mizani hii ina historia ya damu wapendwa. Enzi hizo huwezi kupima mzigo mkubwa popote unapojisikia, mji lazima uwe na haki ya mizani, ukiwa nayo wakulima wote wa pembeni wanaleta mali kwako, wanunuzi wanakuja kwako, na mji unapata ushuru wake. Alkmaar walikuwa na mizani ya jibini tangu mwaka 1365 lakini baadaye wakanyang'anywa hiyo haki. Mwaka 1573 Uholanzi iko vitani na Hispania, jeshi la Wahispania likauzingira mji huu kuanzia Agosti, mji mdogo tu huu mnaouona, wananchi wakapanda ukutani wakawamwagia lami ya moto, huku nje mabwawa yakafunguliwa maji yakaanza kujaa mashambani, na tarehe 8 Oktoba Wahispania wakaondoka. Mpaka leo kila tarehe 8 Oktoba watu wa hapa wanasherehekea. Sasa zawadi yao ilikuwa nini? Mwaka 1581 wakarudishiwa mizani. Wakachukua kanisa dogo la Roho Mtakatifu wakaligeuza nyumba ya kupimia, ndo hili jengo. Na pale juu mbele kuna maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba ushujaa umewarudishia watu wa Alkmaar haki ya mizani waliyoporwa. Watu wameshinda vita halafu wakaandika ukutani habari ya mizani.

Mimi hapa nimesimama nikawakumbuka watu wa kwetu, nawaambia ukweli. Nimekulia kwenye viazi, Njombe. Mnaijua lumbesa. Gunia linaitwa la kilo 100 lakini juu wameunganisha kipande cha gunia jingine, wakashona kwa kamba, wakashindilia kwa mguu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Ukisema tupime unaambiwa mizani haipo, au ipo mbali, au kama hutaki acha mwenye gari anaondoka, na viazi vishachimbwa utavipeleka wapi? Sheria ya vipimo Tanzania inasema gunia lisizidi kilo 100, sheria ipo, lakini sheria bila mizani pale pale shambani inamsaidia nini baba yangu? Nimewaona wazee wanasimama pembeni kimya mali yao inashindiliwa. Kwa hiyo nikiona watu wameweka mizani katikati ya mji, kwenye jengo zuri kuliko yote, na mnara juu na saa yenye sanamu za wapanda farasi, mimi sioni utalii tu hapo. Naomba viongozi wa ushirika wenye kuangalia hii video waitazame hii sehemu mara mbili.

Nisiwadanganye lakini, biashara kubwa ya jibini siku hizi haipo hapa uwanjani, inafanyika viwandani na kwenye maofisi, hapa wanaonyesha ilivyokuwa. Ila wanaifanya kwa heshima, vijana wanajifunza kwa wazee, na kuangalia ni bure.

Ghorofani humo ndani ya Waag kuna makumbusho ya jibini, ingieni muone mashinikizo ya mbao na makopo ya maziwa. Pembeni ya mfereji kuna mnara unaitwa Accijnstoren, wa mwaka 1622, wa kukusanyia ushuru, mwaka 1924 ulikuwa unabana barabara basi wakausogeza mnara mzima mita 4, hawakuubomoa. Kuna na nyumba ya mbao imebaki na risasi ya mzinga ukutani kutoka ule mzingiro, na kinu cha upepo cha mwaka 1769, Molen van Piet, hivyo nitawawekea picha.

Tule sasa. Wamenikatia tatu. Hii changa, wiki 4 tu, laini, tamu ya maziwa, watoto wanaipenda. Hii ya kati, miezi kama minne, imeanza kukolea. Na hii kongwe, zaidi ya miezi kumi, rangi imeenda kahawia, itafuneni polepole mtasikia punje punje zinavunjika kwenye meno, sio chumvi hizo, zinajitengeneza zenyewe jibini ikikaa, na mimi hii ndo naichukua. Kilo moja inakula maziwa lita kama 10, ndo maana bei yake iko hivyo. Wazanzibari wangu, kuna yenye karafuu! Wanaiita nagelkaas, asili yake mkoa wa Friesland huku huku Uholanzi, ina karafuu na bizari nyembamba, harufu yake ukifungua mfuko unajua kabisa. Na maziwa mengi ya huku yanatoka maeneo kama Beemster, lilikuwa ziwa hilo, wakalikausha kwa vinu vya upepo, mwaka 1612 likawa nchi kavu, leo ng'ombe wanachungwa mita zaidi ya 3 chini ya usawa wa bahari. Na kwetu Njombe maziwa yapo, na jibini tunatengeneza, nayo tuinunue jamani, isibaki ya mahoteli tu.

Kwa mnaopanga kuja, soko ni Ijumaa, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba, saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana. Fikeni mapema, saa tatu na nusu mwe mshasimama kwenye kamba, mkichelewa mtaona visogo vya watu. Simameni upande wa mlango wa mizani. Na kama unapeleka nyumbani nunua kongwe, imefungwa vizuri bila hewa, changa haivumilii safari ya Dar.