Nani akubali kufa kwa ajili ya uongo? Mhadhara kuhusu damu ya mitume

Asanteni, kaeni tu. Mchungaji, shikamoo tena, ile ya kwanza niliitoa kabla hujanichapa mbele za watu. (Kicheko.) Mchungaji kaongea vizuri kuutetea Ukristo, lazima tuseme, na mimi nisiyeamini nikisema nijibu kila alichokigusa tutalala humu ndani. Ile ya kwamba ulimwengu lazima uwe na chanzo naipita, maana hata nikikupa yote kama ilivyo inakufikisha kwenye chanzo tu, haikufikishi Bethlehemu, na Waislamu wanaitumia hiyohiyo, mwanazuoni wao al-Ghazali kaiandika miaka zaidi ya 900 iliyopita na hakuwa Mkristo.

Nataka nikae na moja, ile mliyoipigia makofi. Kwamba mitume walimwona Yesu kafufuka, wakatangaza, wakauawa kwa kutangaza, na hakuna mtu anayekubali kufa kwa ajili ya kitu anachojua ni uongo, kwa hiyo Yesu kafufuka kweli. Hii mmeisikia kwenye mikutano ya injili, kwenye daladala, kwenye zile klipu shangazi anazituma WhatsApp saa kumi na moja asubuhi. Na staki niidharau, ina nguvu yake, kwa sababu ukiipinga unaonekana kama unawatukana marehemu.

Tuanze na hili, tunajuaje walikufa hivyo? Fungueni Biblia zenu, najua mmekuja nazo. Kati ya wale 12, kifo cha mtume anayeuawa kimeandikwa kimoja tu, Matendo 12 mstari wa 2, Herode akamwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Mstari mmoja! Hausemi aliulizwa nini, hausemi aliambiwa kana tukuachie. Petro kuna fumbo kwenye Yohana 21, na barua ya Klementi wa Roma, kiongozi wa Kanisa la mwanzo, nayo inamtaja kijuujuu, lakini ile ya kusulubiwa kichwa chini miguu juu inatoka kwenye kitabu kinaitwa Matendo ya Petro, cha karne ya 2, na Kanisa lenyewe halikukiingiza kwenye Biblia. Kitabu hichohicho kina mbwa anayeongea kama mimi na wewe, na kina samaki wa moshi aliyekuwa anauzwa kaning'inizwa dirishani, Petro akamtupa majini samaki akaanza kuogelea. Sasa Mchungaji, yule samaki unamkubali? Haumkubali, nakuona unatikisa kichwa. Ila kusulubiwa kichwa chini unakuhubiri. Tomaso kufia India hivyohivyo, simulizi yake imo kwenye kitabu cha karne ya 3 chenye punda mwitu wanaotumwa kutoa pepo. Mimi sisemi hawakuuawa, huenda wengine waliuawa kweli, Kaisari Nero aliwaua Wakristo Roma na hilo Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, kaliandika. Nasema tu kwamba hoja inataka tujue walipewa nafasi ya kukana wakakataa, na hilo kwa wengi wao hatulijui.

Lakini haya, tufanye wote 12 walikufa kishujaa, kila mmoja kama inavyohubiriwa. Nawapa bure.

Sasa twendeni kwenye vita ya Majimaji, kusini mwa Tanzania, kijiji cha Ngarambe, kwa Wamatumbi. Mwaka 1905 mganga Kinjikitile Ngwale anagawa maji ya dawa, ukinywa au ukinyunyiziwa risasi ya Mjerumani itageuka maji. Watu wametoka mbali kuyafuata, Matumbi, Ngindo, Pogoro, baadaye Wangoni na wengine ambao jana yake hawakupatana. Agosti 30 mwaka huohuo wanaiendea boma ya Mahenge, na kule juu kuna bombomu, bunduki ya rashasha, na watu wanatembea, hawakimbii, wanatembea kuelekea kwenye bombomu. Wa mbele wanaanguka na wa nyuma wanakuja. Hadi vita inaisha mwaka 1907, wanahistoria wa chini wanasema waliokufa ni 75,000, wa juu wanasema mpaka 300,000, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma chakula. Hivi kuna mtu humu anaweza kusema wale wazee hawakuamini? Waliamini kuliko mimi ninavyoamini chochote. Na hakuna hata mmoja wenu, Mchungaji ukiwemo, anayesema basi risasi ziligeuka maji.

Najua jibu, maana watetezi wa imani wamelizoea. Wanasema aah, wale wapiganaji waliambiwa tu, walidanganyika, ila mitume, wao walikuwepo, waliona kwa macho, wao ndo wangejua kama ni uongo. Sawa, jibu zuri. Basi tuwaache wapiganaji tumchukue Kinjikitile mwenyewe.

Miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu pale Dar, akina Gilbert Gwassa, walienda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Na wazee wakasimulia kwamba siku moja Kinjikitile alishikwa na pepo, akalala kifudifudi mikono mbele, akaanza kutambaa kuelekea kidimbwi cha maji, ndugu zake wakamshika miguu wakashindwa, akazama akapotea. Ndugu wakalala pale ukingoni, wenye kujua kuogelea wakapiga mbizi wakatafuta, hamna kitu. Kesho yake saa tatu asubuhi akaibuka, mzima, nguo kavu! Kavu kabisa, vilevile alivyokuwa amezifunga jana, na akaanza kutabiri. Mnaliona hilo? Kuna kupotea, kuna kungojea, kuna kurudi asubuhi, kuna ndugu walioshuhudia. Na Agosti 4, 1905, Wajerumani wakamnyonga pale Mohoro, na simulizi inasema hakujuta, aliwaambia dawa imeshafika mbali, mmechelewa.

Huyu si mpiganaji wa kuambiwa, huyu ndo mwenye habari. Kama alidanganya alijua anadanganya, na kafia palepale. Kwa kipimo cha Mchungaji inatubidi tukubali alilala chini ya maji usiku kucha.

Na tulinganishe vyanzo, hapa ndo huwa napenda. Gwassa kaandika baada ya miaka 60 hivi, lakini kaongea na watu waliokuwepo, majina ya wasimulizi yapo, vijiji vipo, unaweza kwenda. Injili ya Marko wasomi wengi wanaiweka mwaka 70 hivi, miaka 40 baada ya msalaba, imeandikwa kwa Kigiriki, na wale waliokuwepo, waliokuwa wanaongea Kiaramu, hawamo kwenye orodha yoyote ya waliohojiwa, na maandishi yenyewe hayasemi nani kaandika. Wale ndugu zaidi ya 500 waliomwona Yesu kwa pamoja, 1 Wakorintho 15, tunao kwenye sentensi moja ya Paulo, jina hata moja hamna, mahali hamna, na wale walioandika Injili hawakuona haja ya kulisimulia tukio kubwa namna ile. Kwa ushahidi wa kuhoji watu, Matumbi inashinda Yerusalemu. Nacheka lakini sifanyi utani.

Mkiona nawabana na mambo ya pepo za mtoni, chukueni Wamormoni. Wale vijana wawili wawili, shati jeupe, tai, kajina kadogo kifuani, wanaogonga geti ukiwa unafua. Wao wana mashahidi 11 waliotia majina yao kwenye karatasi kwamba waliziona bamba za dhahabu ambazo Joseph Smith, mwanzilishi wao, alisema ndo chanzo cha Kitabu cha Mormoni. Watatu wa kwanza, Cowdery, Whitmer na Harris, baadaye waligombana naye mpaka wakatengwa na kanisa, na bado hawakuufuta ushahidi wao, na Smith mwenyewe kauawa na kundi la watu jela ya Carthage, Illinois, Juni 27, 1844. Mbona unawafungia geti?

Kosa la hoja nzima liko hapa, inakupa milango miwili tu, ama walidanganya ama ni kweli. Kuna watu wa tatu, tena ndo wengi duniani, walioamini kwa moyo wote na wakakosea. Mtu akifiwa na aliyemwekea matumaini yote, moyo hausemi basi yameisha, moyo unatafuta. Muulize mjane yeyote kama hajawahi kumwona marehemu mlangoni. Na hapa Wasabato watanisamehe, najua wapo, nawaheshimu, mnalala mapema na hospitali zenu zinafanya kazi. William Miller, mhubiri wa Marekani, alihesabu kitabu cha Danieli, na watu wakafikia tarehe Oktoba 22, 1844, Yesu anarudi. Wapo walioacha mazao shambani. Usiku ukapita, jua likatoka, wakalia mpaka asubuhi. Wengi walitawanyika, lakini kesho yake mmoja wao, Hiram Edson, anapita kwenye shamba la mahindi anapata ufahamu kwamba tarehe ni sahihi ila tukio limetokea mbinguni, Yesu kaingia Patakatifu pa Patakatifu kule juu. Na katika mabaki ya aibu ile likakua kanisa lenye mamilioni ya watu, nenda Upare, nenda Kisii uone. Edson hakuwa tapeli. Alikuwa mtu aliyeumia ambaye hakukubali kwamba imeisha. Mimi nikisoma habari za wale wafuasi wa Galilaya baada ya Ijumaa ile naona mtu huyohuyo.

Mmoja wenu pale kati alinitajia mashahidi wa Uganda wakati wa chai. Ndugu yangu, nakushukuru. Karoli Lwanga na wenzake, Namugongo, Juni 3, 1886, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kaamuru wachomwe. Wakatoliki wanahesabu 22 na Waanglikana 23 kwa kipindi kile, walikuwa vijana wadogo na mimi habari yao hunikaba koo, ukafiri wangu na yote. Ila miaka kama 10 nyuma, babake Mwanga, Mutesa I, aliwaua vijana wa Kiislamu waliokataa kula nyama aliyochinja asiye Mwislamu na wakakataa kusali nyuma ya Kabaka asiyetahiriwa. Nchi ileile, ikulu ileile. Hawa wamekufa wakishika kwamba Isa hakusulubiwa, wale wamekufa wakishika kwamba alisulubiwa akafufuka. Damu imemwagika pande zote mbili na swali bado liko palepale lilipokuwa.

Dakika zangu zinaisha, naona ile karatasi. Shakahola, ule msitu wa Kenya, niliapa nisiitaje ila Mchungaji umesema vijana wetu wafundishwe kuwa tayari kufa kwa imani. Mwaka 2023 kule Kilifi imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa kundi moja la kidini, waliambiwa wafunge wakamwone Yesu, na wengine ni watoto ambao hawakuchagua lolote. Najua utasema lile ni potofu, na mimi nakubaliana na wewe asilimia 100. Swali langu ni umejuaje ni potofu? Hukuangalia kama walikuwa tayari kufa, maana walikuwa tayari. Umeangalia mafundisho yenyewe, ukauliza yanatoka wapi, nani kasema, ushahidi uko wapi. Basi na mimi naomba ruhusa ya kuuliza hivyohivyo kuhusu kaburi la Yerusalemu, na nikiuliza nisiambiwe nimewakosea heshima waliokufa.

Haya, maswali. Tuanzie kule nyuma, yule dada mwenye kilemba cha njano kanyoosha mkono tangu niko Mahenge.