Jinsi Seli ya Hamira Inavyozeeka

BARASA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena, tukizungumza nanyi kutoka Kisumu. Leo Mwalimu Akinyi anatimiza ahadi yake ya kutueleza uzee wa hamira, ile ile inayoumua unga wa mahamri. Mwalimu, kiumbe cha seli moja kinazeeka vipi, ilhali kazi yake ni kugawanyika tu?

AKINYI: Ahsante, ndugu Barasa. Seli ya hamira haikatiki katikati ikawa pacha wawili walio sawa. Hutoa chipukizi ubavuni, chipukizi hilo hukua na kujitenga, na pale lilipochomoza hubaki kovu la mviringo kwenye ukuta wa mama, kwa hiyo mama na binti wanajulikana. Mwaka 1959, Robert Mortimer na John Johnston walimwondoa kila binti chini ya darubini kwa sindano nyembamba, wakahesabu uzao wa kila mama. Mama huzaa mara 20 hadi 25 hivi, kisha hukoma, ilhali binti kwa kawaida huanza hesabu yake upya, isipokuwa mama yake awe ameshazeeka mno.

BARASA: Basi makovu hayo ndiyo yanayommaliza?

AKINYI: Sivyo, kwani anapokoma kuzaa ukuta wake bado una nafasi. Tutazame ndani. Wavuvi wa Dunga huzungusha mshipi kwenye kijiti ili usijisokote, na DNA nayo imezungushwa hivyo kwenye protini ziitwazo histoni. Herufi zipatazo 147 huzunguka fungu la histoni 8, na mpangilio huo wote ndio kromatini. Pale ilipobanwa, jeni hunyamaza. Pale ilipolegea, jeni husomwa. Kinacholegeza ni vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo asetili, vinavyobandikwa kwenye histoni, na kimeng'enya kiitwacho Sir2 huvibandua ili ukimya urudi.

BARASA: Na ukimya huo una faida gani kwa mama?

AKINYI: Katika kromosomu ya 12 kuna jeni za kuundia ribosomu, yaani viwanda vidogo vya seli vya kutengenezea protini, zimepangwa mfululizo, nakala 100 hadi 200 zinazofanana. Ukimya ukilegea, nakala hizo huchanganyikana, na kipande huchomoka kikajifunga kama pete. Pete hiyo hujinakili kila mara seli inapozaa, na karibu zote hubaki kwa mama, zikarundikana na kumzeesha. David Sinclair na Leonard Guarente walilieleza jambo hili mwaka 1997. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba seli iliyoongezewa nakala moja ya jeni ya Sir2 huishi takriban asilimia 30 zaidi, na iliyonyimwa jeni hiyo hupoteza karibu nusu ya maisha yake.

BARASA: Nilikuwa nikidhani uzee ni kuchakaa tu, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

AKINYI: Kuchakaa kupo, lakini ninaloliona zito zaidi ni kuvurugika kwa utaratibu wa nani aseme na nani anyamaze. Mwaka 2010 ilibainika kwamba seli kuukuu hupungukiwa na histoni zenyewe, na kwamba zikiongezewa histoni huishi zaidi. Yaani vijiti vinapungua, mshipi unaachwa ovyo, na jeni zilizopaswa kunyamaza zinaanza kusomwa.

BARASA: Basi dawa ni kuongeza Sir2 bila kikomo?

AKINYI: Hapo ndipo penye uzito, na naomba tusipapite haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2020 kwamba seli zenye jeni zile zile, katika mazingira yale yale, huzeeka kwa njia mbili. Baadhi hupoteza ukimya wa jeni za ribosomu. Nyingine hudhoofika mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, ambazo hutunzwa na kundi la protini liitwalo HAP. Sir2 na HAP hukandamizana, hivyo seli inayoegemea upande mmoja huporomokea upande wa pili. Mwaka 2023 watafiti hao waliunganisha upya jeni hizo, HAP ikawa inaichochea Sir2, na Sir2 ikaendelea kuikandamiza HAP.

BARASA: Kwa hiyo hakuna inayotawala?

AKINYI: Hupokezana zamu. HAP ikipanda huipandisha Sir2, na Sir2 ikipanda huishusha HAP, hadi yenyewe ikose wa kuichochea na ishuke. Seli zilizowekewa mzunguko huo ziliishi asilimia 82 zaidi ya seli za kawaida.