Jinsi ya kusevu picha zote ulizofungua Photoshop kwa mara moja

Haya wadau, karibuni tena, leo tunaingia Photoshop moja kwa moja bila kuzunguka. Umepiga picha za send-off, umefungua arobaini kwa mpigo, umeshaziediti, ngozi zimekaa vizuri, mwanga umekaa vizuri, na bibi harusi anazitaka leo leo. Sasa unaanza ile kazi ya File, Save a Copy, chagua JPEG, OK, chagua ubora, OK, funga, halafu picha inayofuata unarudia yale yale mara arobaini. Hapana ndugu yangu, hiyo kazi ni ya mashine siyo yako, wewe macho yako na muda wako weka kwenye kuediti.

Ila kabla sijaonyesha njia yoyote naomba hili mlishike, kuna kusevu nakala mpya na kuna kusevu juu ya faili lile lile, na hivi vitu viwili ni tofauti kabisa. Ukisevu juu ya faili lile lile, ile orijino iliyotoka kwenye kamera ndo imeondoka, na send-off ya mtu hairudiwi upige tena. Kwa hiyo kwenye kila njia leo nitawaambia hii inatoa nakala au hii inafuta ya zamani, msikilize hapo.

Hatua ya kwanza, angalia tabo zako hapo juu. Kila picha ina tabo yake yenye jina, asilimia ya zoom, na kwenye mabano utaona kitu kama RGB/8. Sogea karibu na skrini uangalie kile kinyota. Kuna kinyota kinachokaa ndani ya mabano, kimegandana na ile nane, hicho kinahusu rangi tu, maana yake profaili ya rangi ya hiyo picha (ile inayosema rangi zake zisomwe vipi) ni tofauti na ile uliyoweka kwenye setingi za Photoshop. Kinyota kinachotuhusu leo ni kile cha nje ya mabano, mwisho kabisa wa jina, hicho ndo kinakwambia picha hii ina mabadiliko ambayo hujasevu. Watu wengi wanavichanganya, anaona kinyota cha ndani anasevu weee na kinyota hakiondoki, anadhani Photoshop imeharibika, kumbe ni mambo ya rangi.

Halafu kama kuna tabo imeandikwa Untitled-1 au Untitled-2, yaani ulikopi kitu ukapest kwenye ukurasa mpya, hiyo haijawahi kuwa faili popote kwenye kompyuta yako, ipe jina kwanza. Bonyeza Ctrl na S, chagua PSD (aina ya faili ya Photoshop yenyewe), iweke kwenye folda ya hiyo kazi. Wa Mac nyie mkinisikia nasema Ctrl mjue ni Cmd, na nikisema Alt ni Option, sitarudia tena.

Hatua ya pili, tengeneza folda mpya, iite jina la kazi, mfano Sendoff za mteja. Usiweke desktop hivi hivi, picha arobaini zikimwagika desktop utatafuta mpaka asubuhi.

Sasa twende kwenye njia yenyewe, na hii ndo ninayoipenda kuliko zote. Nenda File, shuka mpaka Scripts, itafunguka pembeni, bonyeza Image Processor. Hiki kitu kipo ndani ya Photoshop tangu CS2 ya mwaka 2005, kwa hiyo hata kama kompyuta yako ni ya zamani na unatumia toleo la zamani unacho, hakuna cha kudanlodi.

Litafunguka dirisha lina namba 1 mpaka 4, tunashuka nazo taratibu.

Namba 1 inauliza picha zitoke wapi. Hapo kuna Use Open Images na kuna Select Folder. Sisi picha zetu ziko wazi kwa hiyo weka alama kwenye Use Open Images.

Namba 2 inauliza ziende wapi. Ukiweka Save in Same Location zitakwenda pale pale orijino zilipo, hazitafuta kitu lakini zitakaa karibu karibu na hizo orijino, mimi siipendi. Bonyeza Select Folder ya hapo chini, chagua ile folda tuliyotengeneza.

Namba 3 ndo moyo wa kazi, hapa tukae kidogo. Weka tiki kwenye Save as JPEG. Pembeni kuna Quality, inaanzia 0 mpaka 12. Kama picha inakwenda kuprintiwa kwenye albamu weka 12. Kama ni ya simu na mitandao 10 inatosha sana, faili linakuwa dogo na kwa macho ya kawaida hutaona tofauti. Chini ya 8 mimi sishuki kwa kazi ya mteja, kwa sababu JPEG inapunguza faili kwa kutupa baadhi ya taarifa za picha, na sehemu zinazoumia kwanza ni zile laini kama anga, ukuta mweupe, au shela la bibi harusi, unaanza kuona viboksi viboksi.

Halafu Resize to Fit. Hii usipoitiki picha inatoka na saizi yake kamili. Ukiitiki kuna W na H, na hapa wengi wanauliza, sasa niandike nini wakati nina picha zilizolala na zilizosimama? Andika namba moja sehemu zote mbili, mfano 2048 kwenye W na 2048 kwenye H. Photoshop haitakuvutia picha iwe mraba, inachofanya ni kuhakikisha upande mrefu hauzidi hiyo namba na upande mwingine unafuata uwiano wake. Picha ya kamera ya 6000 kwa 4000 itatoka 2048 kwa 1365, iliyosimama itatoka 1365 kwa 2048, kila moja na umbo lake.

Chini yake kuna Convert Profile to sRGB, hii naomba muitiki, tena nasema kwa msisitizo. Kamera nyingi kubwa zinakuruhusu upige kwa Adobe RGB, ni nafasi ya rangi iliyotoka mwaka 1998, ina kijani na samawati pana zaidi na kwa printi nzuri ina faida yake. Lakini simu, app na intaneti kwa ujumla vimezoea sRGB. Ukituma picha ya Adobe RGB sehemu ambayo haisomi profaili, rangi zinapoa, nguo nyekundu inachuja, ngozi inakuwa kama mtu anaumwa, na mteja atakwambia picha zako mbaya wakati kwenye kompyuta yako ziliwaka. Tiki moja tu inamaliza hayo yote.

Hapo hapo namba 3 kuna Save as PSD na Save as TIFF pia. Unaweza ukatiki zote kwa pamoja na kila aina ikatoka kwenye folda yake, kwa mfano JPEG za mteja na PSD zenye leya zako (zile tabaka za kuediti) za kubaki studio. Mnaona ilivyo nzuri, mkupuo mmoja unapata vyote viwili. PSD ni nzito tu, angalia nafasi ya diski.

Namba 4 ni Preferences. Kuna Run Action, kama una action yako (hatua ulizorekodi ili Photoshop izirudie yenyewe) ya kuweka nembo ya studio au kunoa picha unaichagua hapo na itapita kwenye kila picha kabla haijasevuwa. Kuna Copyright Info, andika jina la studio yako, haitaonekana juu ya picha, inakaa ndani ya taarifa za faili. Na kuna Include ICC Profile, iache na tiki yake, maana ndo inayobeba ile sRGB tuliyoiweka juu.

Kabla hujabonyeza Run, angalia pembeni kulia kuna batani ya Save. Hiyo inasevu hizi setingi zote kwenye kafaili kadogo, siku nyingine unabonyeza Load na kila kitu kinajipanga. Tengeneza moja ya printi na moja ya simu, utanishukuru msimu wa harusi ukifika.

Sasa Run. Utaona picha zinapita zenyewe moja baada ya nyingine, acha mausi, usiklik klik huku na huku, iache ifanye. Ikimaliza fungua folda yako, ndani utakuta folda nyingine imeandikwa JPEG, Photoshop imeitengeneza yenyewe, na picha zako zote zimo humo na majina yake yale yale. Orijino hazijaguswa, hii njia inatoa nakala.

Njia ya pili ni ya haraka lakini hii inafuta ya zamani, msikilize. Kama picha zako ni PSD tayari na unachotaka ni kusevu mabadiliko yote uende zako nyumbani, bonyeza Ctrl, Alt na W kwa pamoja, hiyo ni Close All. Itakuuliza unataka kusevu mabadiliko, na kwenye hicho kiboksi cha swali kuna sehemu ya tiki imeandikwa Apply to All. Tiki hapo kwanza, ndo ubonyeze kusevu. Zote zinasevuwa na kufungwa. Usipotiki utaulizwa kila picha kivyake. Lakini kama ulifungua JPEG moja kwa moja kutoka memori kadi ukaiediti bila kuongeza leya, ukifanya hivi umeandika juu ya orijino, basi. Na kama uliongeza leya JPEG haiwezi kubeba leya, itaanza kukuuliza unataka kuisevu wapi na kwa aina gani, picha moja moja, yaani unarudi kule kule tulikokimbia. Kwa hiyo hii ni ya PSD tu, na nakala za orijino ziwe pembeni.

Njia ya tatu, unataka kusevu zote lakini zibaki wazi uendelee na kazi, umeme wenyewe tunaujua, ukikatika na hujasevu kazi ya mchana kutwa imekwenda. Photoshop haina batani ya kusevu zote, lakini tunaweza kuitengeneza. Fungua Notepad, andika mstari huu kama ulivyo hapa kwenye skrini:

for (var i = 0; i < app.documents.length; i++) { app.activeDocument = app.documents[i], app.activeDocument.save(); }

Maana yake ni pita kwenye kila picha iliyo wazi, iweke mbele, isevu, nenda inayofuata. Ukisevu kwenye Notepad, kwenye Save as type chagua All Files, halafu jina liishie na .jsx, mfano sevuzote.jsx, la sivyo Notepad inaongezea .txt kwa nyuma na Photoshop haitaielewa. Kisha rudi Photoshop, File, Scripts, Browse, chagua hicho kifaili, kwisha. Na hii nayo inasevu juu ya faili lile lile, itumie kwa PSD zenye majina tayari.

Kuna na Batch, iko File, Automate, Batch, kwenye Source unachagua Opened Files. Ni nzuri ukishazoea kurekodi action zako, ila angalieni kitu kimoja, wakati unarekodi hatua ya kusevu usiguse jina la faili kabisa, maana ukiliandika action inalikariri na kila picha itasevuwa kwa jina hilo hilo. Kama shida yako ni majina tu, yale ya kamera yanayoanza na DSC yote yawe Sendoff 001, 002, mi nakushauri malizia na Image Processor halafu ufungue folda kwa Adobe Bridge, zichague zote, Tools, Batch Rename, ni rahisi zaidi.

Sasa wenye kompyuta ndogo. Picha moja ya 6000 kwa 4000 ikiwa wazi kwenye biti 8 inakula kama megabaiti 72, bila leya. Arobaini hizo zinakaribia gigabaiti 3, ukiongeza leya inapanda mara mbili, mara tatu, na ndo unaona ule ujumbe wa scratch disks are full, yaani nafasi ya diski ambayo Photoshop inaitumia kufanyia kazi imejaa. Ikifika hapo fanya kwa mafungu, kumi kumi. Au kama picha zote ulishazisevu PSD, zifunge tu, rudi Image Processor, namba 1 chagua Select Folder badala ya Use Open Images, yenyewe itafungua moja, isevu, ifunge, iende nyingine, hata mashine ya RAM kidogo inamaliza.

Ukimtumia mteja kwa WhatsApp tuma kama Document, siyo kama picha, kwa sababu ukituma kama picha WhatsApp inaibana tena na ile Quality 10 yako inapotea njiani.

Kabla hujafunga tabo zako, hesabu mafaili kwenye ile folda ya JPEG, idadi ilingane na picha ulizokuwa umefungua, halafu fungua mbili tatu uzione kwa asilimia 100. Ukikuta imepungua moja, anza kuangalia kama ndo ile Untitled ambayo hukuipa jina, isevu kisha urun upya. Ila ifute kwanza ile folda ya JPEG, maana ukirun mara ya pili juu yake Photoshop haifuti zilizopo, inatengeneza nyingine zenye _1 mwisho wa jina, na utamtumia mteja kila picha mara mbili.