Laxton, kijiji ambacho majirani bado wanakagua mipaka kwa miguu

Haya jamani, wakubwa shikamooni, vijana mambo. Mtaniwia radhi projekta imegoma kwa hiyo ramani niliyowaletea itabidi muione kwa mdomo wangu tu. Naanza na swali, nani hapa amewahi kupima shamba kwa miguu? Hatua 70 kwa 70, si ndio? Eeh naona mikono ni mingi.

Sasa hiyo ekari yetu ya hatua 70 kwa 70 ilitoka kwa wakulima wa Uingereza wa zamani sana, na ilikuwa kazi ya kutwa ya ng'ombe wa plau, basi. Kipande kilikuwa chembamba kirefu, yadi 22 kwa yadi 220, yaani kama mita 20 kwa 201. Kwa nini kirefu hivyo? Kwa sababu kugeuza ng'ombe wanane wako kwenye nira ni shughuli, wewe fikiria tu foleni yake, kwa hiyo bora uende mbali kwanza ndio ugeuze. Ile yadi 220 wenyewe wanaiita furlong, maana yake urefu wa mfereji mmoja wa plau. Halafu ng'ombe wakikaribia mwisho ilibidi waanze kukata kona mapema, ndio maana kule Uingereza ukipita sehemu ambazo hazijalimwa miaka mingi unakuta matuta marefu chini ya majani yamejipinda kama herufi S iliyogeuzwa. Ng'ombe walishakufa miaka mia saba huko lakini kona yao bado ipo ardhini!

Nilipoyaona hayo matuta mara ya kwanza ndio nikaanza kuuliza uliza, nikaelekezwa kijiji kinaitwa Laxton, mkoa wa Nottinghamshire. Kijiji cha kawaida kabisa, kimo kwenye kile kitabu cha sensa ya mali cha 1086, kina kanisa la mawe, baa moja, na kilima cha udongo palipokuwa na ngome. Ukipita barabarani unaona nyumba za wakulima zimejipanga humo humo kijijini, nyingine zimekaa ubavu ubavu kwa barabara na mazizi nyuma, hakuna mtu anayeishi shambani peke yake. Na mashamba hayana ua, hiyo ndiyo iliyonipeleka.

Maana sisi picha tunayoletewa ya Uingereza ni vijishamba vya kijani kila kimoja na ua wake wa miiba, tunadhani walizaliwa hivyo. Wapi! Zamani vijiji vingi, hasa vya katikati ya nchi, vilikuwa na mashamba makubwa mawili au matatu ya pamoja, kila familia ina vipande vyake humo vimetawanyika, kimoja huku kwenye rutuba, kimoja kule kwenye tope, ili mbaya na nzuri mgawane. Halafu wenye ardhi wakaanza kwenda bungeni kuomba sheria za kuzungushia ua. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria hizo zaidi ya 5,200, ekari kama milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya England yote. Yule aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa anamchunga kwenye malisho ya wote, siku ua umepanda hana pa kumpeleka, anamuuza, anakuwa kibarua. Mimi hapo huwa nakasirika kidogo, tuendelee.

Laxton ilipona, sio yote lakini mashamba matatu yalibaki, West Field, South Field na Mill Field. Mzunguko ni ule ule, mwaka huu hili ngano, lile zao la masika labda shayiri au maharage, la tatu linapumzika, mwakani mnahama. Zamani lililopumzika ndio mifugo inaingia, inakula mabua na majani inaacha samadi. Mnaona hapo, huwezi kujiamulia kivyako, ukipanda ngano kwenye shamba linalopumzika ng'ombe wa kijiji kizima watakula.

Kwa hiyo lazima kuwe na baraza la kusimamia, na lipo mpaka leo. Mwishoni mwa Novemba hivi jopo la wakulima 12 na kiongozi wao wanatoka kwenda kukagua shamba lililopandwa ngano, kwa miguu, na baridi ile. Mimi nilikwenda na viatu vya mjini, tope lilinivua kimoja, mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. Wanapita mpaka kwa mpaka, wana vigingi vya mbao na nyundo, wanaangalia ukingo wa barabara ya majani, kama mtu plau yake imeteleza ikamega njia ya wote au kipande cha jirani anaandikwa, kigingi kinapigiliwa pale mpaka unapotakiwa kuwa. Wakimaliza wanaingia baa kula na kubishana. Baada ya kama wiki lile baraza lenyewe, ambalo ndiyo mahakama ya kijiji, linakaa, majina yanasomwa, watu wanalipa faini, na jopo la mwaka unaofuata linaapishwa. Faini ni hela ndogo, kinachouma ni jina lako kusomwa mbele ya majirani. Na msidhani ni maigizo ya watalii, 1977 Bunge lilipozifutia mamlaka mahakama za kizamani namna hiyo, ya Laxton ikaachiwa yake.

Sasa ile ramani. Ilichorwa 1635 na mpimaji Mark Pierce, ipo maktaba ya Bodleian pale Oxford. Aliyeagiza ni William Courten, mfanyabiashara wa London, tajiri kweli, ndiye aliyegharamia Waingereza wa kwanza kwenda kuhamia Barbados, akanunua na kijiji akataka ajue kanunua nini. Mwaka uliofuata akafa! Lakini mpimaji alifanya kazi, kila kipande kimechorwa na mwenye kukilima kaandikwa, na humo humo kachora vijitu vidogo vidogo, huyu yuko nyuma ya plau, hawa wanavuna, wale wanawinda na mbwa. Nimezitumbukia zile picha saa nzima na lenzi.

Kijiji kimeuzwa uzwa sana. Familia ya Pierrepont ilikishika muda mrefu, 1952 ikaiuzia wizara ya kilimo, 1981 kikaenda kwenye mali za Ufalme, 2020 kikarudi kwa Thoresby Estate, yaani mikono ya Pierrepont tena. Wenyewe wanabadilika, jopo linaendelea kukagua.

Mama pale nyuma ameuliza, yale majani ya kwenye mabonde madogo yasiyolimika ni ya nani? Swali zuri. Wanayaita sykes, na kila kiangazi yanapigwa mnada hapo hapo kijijini, anayeshinda anakata anakausha anawalisha ng'ombe wake. Ila akizidisha akagusa ngano ya mtu, Novemba watakutana.