Acheni Watu Wawalilie Mbwa Wao

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Wale walionisikia kwengine wanajua ntasema nini, na ntasema tena leo kwa sababu bado watu hawajasikia. Mbwa wako akifa, mlilie. Mzike vizuri, mtaje jina, piga hadithi zake na watoto, na asitokee mtu akakwambia "ah, si mbwa tu huyo, chukua mwengine." Maneno hayo nimeambiwa na watu wa kazini, nimeambiwa na jamaa zangu wa damu, na kila nikiyasikia nashikwa na hasira.

Mbwa wangu mie, jina lake Bosi, alikuwa koko, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jengine limelala. Tulimpata mdogo, akakua na wanangu pale Bamburi, Mombasa, akazeeka wao wakiwa wako chuo. Mume wangu ana tuktuk, na mnajua tuktuk zilivyo jaa barabara ile, zote mlio mmoja, lakini Bosi alikuwa akiijua ya nyumbani hata haijakata kona, anainuka, anajinyoosha, anaenda kukaa langoni na mkia unapiga bati la geti, ta-ta-ta, nami hapo najua niteleke maji ya chai. Sikuwa na haja ya kupigiwa simu ati niko njiani.

Kijana ninayenunua samaki kwake alikuwa akimwekea vichwa vya changu na tafi kando, "vichwa vya Bosi", ndo alivyokuwa akiviita. Navichemsha, natoa miba moja moja kwa mkono, nachanganya na ugali wa dona. Sasa Bosi amekufa, narudi sokoni, kijana ananinyooshea vile vichwa kama kawaida. Nikasimama tu. Mwisho nikamwambia Bosi hayuko tena. Yule kijana hakucheka, alivirudisha vichwa kwenye beseni, akanawa mikono, akaniambia "pole sana mama, yule mbwa alikuwa akila vizuri." Basi. Hakusema zaidi na haikumgharimu kitu, na mie pole ile ninayo mpaka leo. Hicho ndicho ninachokiomba kwenu, si kengine.

Kumzika nako. Kuna waliotuambia mtieni kwenye gunia, usiku ukiingia nendeni mkamtupe jaani, wengine wakasema mtoseni baharini. Mbwa aliyelala mlangoni mwangu miaka yote ile nikamtupe jaani kama maganda ya viazi? Nikakataa. Lakini Bamburi mwaijua, udongo wenyewe ni kidogo tu juu juu, chini ni jiwe la matumbawe, lile lile linalochimbwa kutengenezwa simiti. Mwanangu alipiga jembe likaruka, akapiga tena likaruka. Jirani yetu, mzee wa Kiislamu, mtu wa sala tano msikitini, akasikia kishindo akaja na mtaimbo wake. Mzee hakumgusa Bosi, wala sikumtaka amguse. Alichimba. Jua kali, kikoi amekikunja, jasho linamtiririka mgongoni, vipande vya matumbawe vinarukaruka, hakusimama mpaka shimo likafika kiunoni, kwa sababu alisema shimo fupi kenge na mbwa wengine watalifukua usiku. Na yeye ndo alotuonesha pa kuchimba, mbali na kisima, maana pale maji yetu ni ya kisima. Tukamfunika Bosi na leso yangu ya zamani, tukafukia, juu tukapanda mkilifi, mkilifi hauogopi jiwe. Mzee akachukua mtaimbo wake akasema Mungu awape subira.

Najua hapo nyuma kuna mtu ashakunja uso, anasema huyu mama anatuletea mambo ya najisi. Ngoja nikujibu, na si mie ninayejibu, ni mzee mwenyewe alinieleza tukiwa tumekaa barazani. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani hii, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Hilo ni suala la tohara, nani anabishana nalo? Lakini katika Surat Al-Kahf wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu ya mbele kizingitini, katajwa ndani ya Qur'ani. Na iko hadithi kwa Bukhari ya mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Sasa mzee akaniuliza, kuosha chombo na kumhurumia mnyama, vinagombana wapi? Nami nawauliza nyinyi.

Mwengine atasema huo ni uzungu. Uzungu upi? Misri iko Afrika, na Herodotus, yule Mgiriki wa historia aliyeandika karne ya tano kabla ya Kristo, anasema kwa Wamisri wa wakati ule paka akifa nyumbani watu walinyoa nyusi, lakini mbwa akifa walinyoa mwili mzima na kichwa. Nyumba nzima! Na kule Oberkassel, Ujerumani, mwaka 1914 lilifukuliwa kaburi la kama miaka 14,000, mwanamume na mwanamke na mbwa wao. Mbwa mwenyewe mdogo, miezi kama saba, na meno yake yanaonesha aliugua distempa, ugonjwa mbaya wa virusi wa mbwa, mara kadhaa kabla ya kufa. Mbwa mdogo mwenye distempa hafiki mbali bila mtu wa kumlisha na kumsafisha. Kwa hivyo watu wale wa mawindo, hawana ghala wala duka, walimuuguza mbwa asiyeweza kuwinda chochote, kisha akazikwa nao. Nikiambiwa kumlilia mbwa ni mtindo wa juzi huwa nawatajia kaburi hilo.

Na Hachiko mwamjua nyote, yule wa Japani, bwana wake alikufa 1925 na mbwa akaendelea kwenda stesheni ya Shibuya kumngoja mpaka alipokufa mwenyewe 1935. Tunaisimulia na machozi yanatutoka. Yaani mbwa akimngoja mtu tunamjengea sanamu, mtu akimlilia mbwa tunamcheka?

Naona nishaonyeshwa saa, nilikuwa na mengi, ntayapitisha mbio. Watoto: msiwaambie ametoroka. Mtoto ukimwambia hivyo atakaa langoni kila jioni anangoja, na siku akijua ukweli hatakuamini kwa jengine. Mwambie amekufa, mwache aone kaburi.

Kichaa cha mbwa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mbwa akibadilika tabia, anang'ata ovyo, mate yanamtoka, kisha akafa, huyo usimshike kwa mikono na usikimbilie kumzika, mwite daktari wa mifugo kwanza, maana kipimo kinatoka kwenye ubongo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili zikishatokea hakuna dawa. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na hautakwisha kama wenye mbwa hatuwapeleki kuchanjwa kila mwaka. Kumpenda mbwa ni pamoja na hiyo sindano.

Kuleta mwengine, hilo ni lako, usisukumwe na mtu. Ila kama wako alikufa na parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kutapika na kuhara damu, kirusi chake chaweza kukaa udongoni hata mwaka, usilete mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo.

La wazee wanaoishi peke yao na mbwa tu ndani ya nyumba sitalimaliza leo, linataka siku yake. Na wale wa magorofani mnaoniulizaga mtazika wapi, tafuteni mwenye shamba, muombeni mapema mbwa akiwa hai, si saa ile mmembeba mikononi mnalia.

Haya, maswali. Wewe mama wa leso ya kijani uliinua mkono tangu mwanzo, pokea kipaza sauti.