Maombi Yako Yanafia Wapi? Mhadhara kwa wahitimu wanaoomba kazi kupitia Ajira Portal

Ndugu zangu mliohitimu na mnaokaribia kuhitimu, habari za mchana.

Mhitimu aliyekaa mtaani miaka miwili ukimuuliza habari za kazi, atakutajia idadi: nimeomba mara arobaini, mara sitini. Hatakuambia maombi hayo yalikwama hatua gani, na hilo ndilo lenye faida kulijua. Kama hujawahi kuitwa hata kwenye mchujo, yaani ule mtihani wa kwanza wa kuandika, shida iko kwenye vyeti na kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni. Kama unaitwa mchujo na hupiti, shida ni kusoma. Kama umefika kwenye mahojiano ya ana kwa ana mara tatu na jina lako halitoki kwenye orodha ya waliopata kazi, hapo ndipo tuongelee kujieleza. Wengi wanatibu ugonjwa wasio nao. Mtu anashona suti ya usaili wakati jina lake kwenye cheti cha kidato cha nne halilingani na la kitambulisho cha taifa cha NIDA.

Tuanze na hilo hilo la jina, maana linaua maombi mengi kimyakimya. Toa leo cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cha chuo na kitambulisho cha taifa, uvipange mezani, usome herufi kwa herufi. Saidi na Said. Mwanaidi na Mwanahidi. Jina la kati limeandikwa kamili huku, kule limebaki herufi moja. Binti ameolewa akaandikisha NIDA kwa jina la mume, vyeti vyote vina jina la baba. Siku ya usaili vyeti halisi vinakaguliwa kabla hujaingia, na asiye na uthibitisho wa kisheria wa majina hayo anarudishwa getini na nauli yake ya Dodoma imekwenda. Dawa yake ni hati ya kisheria ya majina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Ina mlolongo wake, haimaliziki kwa wiki ile ya tangazo. Ianze sasa, kabla hujaona tangazo lolote.

Viambatisho navyo vina masharti yake. Cheti cha kuzaliwa kigongwe muhuri wa wakili. Karatasi za matokeo za kidato cha nne au cha sita hazipokelewi badala ya cheti chenyewe, wala matokeo ya awali ya chuo. Uliyesoma nje ya nchi, shahada ipite TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, stashahada ipite NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na cheti cha sekondari kipate ulinganifu wa NECTA, Baraza la Mitihani. Ukiskani kwa simu, tandika cheti kwenye mwanga wa dirishani, picha iwe wima, na kona zote nne zionekane. Kisha fungua faili lenyewe uone kama namba ya cheti inasomeka. Kipe jina linaloeleweka. Faili linaloitwa kwa tarakimu za kamera ndilo mtu hulipandisha mahali pa cheti kingine.

Sasa akaunti yenyewe. Watu wengi wanaambiwa na mfumo kwamba hawana sifa ilhali shahada inayotakiwa wanayo. Mara nyingi ni kwa sababu wakati wa kujaza elimu walichagua kundi la kozi lisilo lao, au waliandika kozi kwa ufupi wa mtaani. Mfumo hausomi cheti ulichopandisha, unasoma ulichochagua. Tafuta jina la kozi kama lilivyo kwenye cheti, neno kwa neno. Halafu angalia sehemu ya wadhamini: wanatakiwa watatu, na namba zao ziwe hewani. Mhadhiri aliyekufundisha miaka minne iliyopita mpigie kwanza, umkumbushe wewe ni nani. Mwisho kabisa kuna tamko la mwombaji, pale unapothibitisha kwamba uliyojaza ni ya kweli. Hilo ndilo linalosahaulika kuliko yote, nalo liko pale chini ambako mtu amekwisha kuchoka.

Barua iwe ukurasa mmoja, iwe na saini, na ielekezwe kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, au kwa yeyote ambaye tangazo limemtaja. Kichwa cha barua kitaje nafasi unayoiomba kama ilivyoandikwa. Kosa la kawaida, na la aibu, ni kutumia barua ya mwezi jana: tarehe imebadilishwa, nafasi haikubadilishwa.

Matangazo mengi hukaa wazi takribani wiki mbili. Usingoje usiku wa mwisho, mtandao huo mnauchangia nchi nzima. Tuma siku tatu kabla, kisha ingia tena kesho yake uhakikishe ombi linaonekana kwenye orodha ya maombi yako.

Nije kwenye mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika. Hapa watu husoma kila kitu, na kwa hiyo hawasomi kitu. Tangazo limekuorodheshea majukumu ya kazi, na hiyo ndiyo silabasi yako. Chukua kila jukumu ujiulize: linatawaliwa na sheria gani, linafanywa kwa hatua zipi, linatoa nyaraka gani? Kwa Afisa Ugavi, yule anayeshughulikia ununuzi wa taasisi, jibu la swali la kwanza ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023. Anayesoma kwa notisi za kaka yake zinazotaja sheria ya 2011 na TANePS, mfumo wa zamani wa zabuni mtandaoni, amejiandaa kwa nchi ya jana, maana sasa zabuni zinapita mfumo mpya wa NeST. Kwa kada zote, pitia Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Si lazima uikariri, ila ujue nani anaajiri na nidhamu ya mtumishi inashughulikiwaje.

Kwenye mahojiano, jibu kwa hatua. Mwombaji wa nafasi ya kutunza kumbukumbu akiulizwa, “Jalada limepotea masjala, utafanya nini?”, yaani faili limepotea kwenye ofisi ya kutunzia mafaili, wengi huanza kueleza umuhimu wa kumbukumbu katika taasisi. Jopo halikuuliza umuhimu. Jibu ni: naangalia rejista ya mwenendo wa majalada nione nani alilichukua mara ya mwisho, namfuata mezani kwake, nisipolipata namtaarifu mkuu wa masjala, na kwa idhini yake nafungua jalada la muda ili kazi isisimame. Sentensi moja ndefu, nusu dakika. Swali la kujieleza nalo lisizidi dakika moja na nusu: elimu, mafunzo kwa vitendo uliyofanya wapi na ulishika kazi gani, basi. Kabila na idadi ya ndugu viache nyumbani.

Kuna aliyeuliza kwenye kikaratasi kuhusu koneksheni. Mtu anayefanya kazi kwenye taasisi unayoitaka hawezi kukupitisha kwenye mchujo, lakini anaweza kukueleza kazi yenyewe ilivyo, na hiyo ni mali. Usimwandikie “naomba unisaidie kazi.” Mwandikie: “Shikamoo kaka. Nina usaili wa Afisa Ugavi tarehe 14. Naomba dakika kumi unieleze siku yako ya kazi ikoje na mnatumia nyaraka zipi.” La kwanza humfanya akukwepe, la pili hulijibu akiwa kwenye daladala.

Anayekuomba hela ya fomu, ya “kulipia nafasi” au ya kuharakisha jina, huyo ni tapeli. Kuomba kwenye Ajira Portal ni bure, na anayelipwa kukujazia pale stationari analipwa kwa kuchapa tu. Nywila ibaki kwako.

Na ukifaulu mahojiano lakini nafasi zikawa zimejaa, jina linaingia kwenye kanzidata ya waliofaulu, na unaweza kupangiwa kituo cha kazi baadaye bila usaili mwingine. Sasa fikiria umebadilisha laini kwa ajili ya bando la bei nafuu, na namba iliyoko kwenye akaunti anaitumia mtu mwingine huko Kahama. Kabla hatujaendelea na maswali, toeni simu, muingie kwenye akaunti zenu, mkaangalie namba iliyopo pale ni ipi.